Kayamba Iliyopotea Ndani ya Spika

Shangazi alinipigia simu nikiwa nimeshika mwiko. Simu nyingi hunikuta hivyo, kwa sababu kazi yangu ni kupikia wajenzi wa barabara, na barabara haziishi. Nimepika Lodwar, nimepika Garissa, na wakati huo nilikuwa nje ya Isiolo nikisonga ugali wa watu sitini katika upepo uliojaa mchanga.

"Njoo uchukue masanduku yako," akasema kwa sauti ya juu, kama azungumzavyo siku hizi. "Panya wameanza kuyakagua. Wakihamia humo, mimi simo."

"Masanduku gani, shangazi?"

"Yale ya mama. Ya muziki. Ama niyafanye kuni?"

Rafiki yangu, nina miaka arobaini na miwili, na sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Vitu vyangu vyote hutoshea katika sanduku moja la bati. Lakini aliposema kuni, niliufunika ule ugali, nikaenda kwa msimamizi nikaomba ruhusa ya wiki moja.

Nilifika Nakuru kesho yake asubuhi. Nilipaswa kuunganisha moja kwa moja hadi Rongai anakoishi shangazi, ila miguu yangu ina tabia ya kwenda inakotaka, ikanipeleka kwanza kwenye ile barabara ya nyuma ya soko. Hoteli ya nyanya yangu haipo tena. Mahali pake pana duka la vioo linalouza simu na chaja. Nilisimama mlangoni nikinusa hewa.

"Sasa mathe, nikusaidie?" kijana wa duka akaniuliza.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mathe, yaani mama, na mtu mwenye ndevu. Nikamwambia natafuta harufu ya mandazi. Akacheka, akanionyesha njia ya kwenda supamaketi.

Basi ngoja nikuambie palivyokuwa mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu, nikiishi na nyanya, mama ya baba, ili niwe karibu na shule. Mlango ulikuwa wa mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na ndani palikuwa na meza sita na mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya watu. Nyuma palikuwa na meko mawili ya makaa ambayo sikumbuki yakipoa. Vibarua wa Kaptembwo ndio waliotangulia, kabla jua halijatoka. Halafu walikuja madereva wa viazi kutoka Mau Narok, wakiingia na baridi ya kwao ndani ya makoti, kisha wachuuzi wa mahindi kutoka Rongai wenye vumbi hadi kwenye kope. Mimi kazi yangu, kabla na baada ya shule, ilikuwa kuosha vikombe, kuponda tangawizi, na kuwapelekea majirani chai madukani mwao. Hadi leo nikiponda tangawizi kambini, vidole vyangu hurudi Nakuru bila kuniuliza.

Na palikuwa na muziki. Babu, kabla sijazaliwa, alikwenda Mau Narok kwenye mnada wa mzungu aliyekuwa akiuza shamba arudi kwao. Wenzake walirudi na majembe ya trekta na ng'ombe wa maziwa. Babu akarudi na gramafoni na spika mbili kubwa ndani ya masanduku ya mbao nyekundu, kila moja likiwa refu kama mtoto wa miaka mitano. Nyanya hakumsemesha kwa siku mbili. Siku ya tatu babu akachomeka waya kwenye stima, na inasemekana mandazi ya siku hiyo yalikatwa kwa kucheza, hakuna hata moja lililotoka na pembe nne.

Nilipokuja kuishi pale, babu alikuwa ameshafariki, muziki ukabaki. Kila siku saa nne asubuhi, mandazi ya pili yakishatoka kwenye karai, nyanya alijifuta mikono, akaweka santuri moja, siku zote ile ile. Ulikuwa wimbo wa gitaa, wanaume wawili wakimsifu msichana wa mbali. Baada ya ubeti wa pili gitaa linanyamaza kidogo, na hapo ndipo inapoingia kayamba. Ikifika hapo nyanya alishika kopo la majani ya chai na kulitikisa akiifuata, shaka shaka shaka, kiuno kikisema mambo yake, na madereva wakigonga meza kwa vijiko. Wimbo ukiisha kila mtu anarudi kwa kikombe chake kana kwamba hakuna lililotokea. Siku za shule niliikosa saa nne hiyo. Jumamosi na likizoni sikuikosa kwa chochote.

Likizo moja, mafuta ya moto yaliruka yakamchoma mkono wa kulia. Akaufunga kitambaa, akaendelea na kazi. Saa nne akaweka santuri kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono uliozoea kopo ndio uliofungwa, akaketi tu kusikiliza. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Gitaa likanyamaza. Pakawa kimya. Gitaa likarudi, wimbo ukaenda hadi mwisho.

"Kayamba imeenda wapi?" nyanya akauliza.

"Imeenda likizo, mama," akasema dereva mmoja wa viazi. "Hata kayamba huchoka."

Watu wakacheka. Nyanya hakucheka. Aliurudia wimbo mara tatu, ameinamisha kichwa upande wa spika, na nikaona wateja wakianza kumwangalia kwa ile huruma ya kumwangalia mtu mzima aliyevaa sweta nje ndani. Hakuna aliyesema neno masikio, lakini lilikuwa limeshaketi nasi mezani.

Lazima uelewe kwamba nyanya aliendesha hoteli ile kwa masikio. Akiwa ameyapa meko mgongo, alisikia maziwa yakiwaza kumwagika. Alimjua mteja kwa mlio wa viatu, akammiminia chai kabla hajaketi. Masikio yakiondoka, hoteli inaondoka. Na wiki hiyo hiyo maziwa yalimwagika mara mbili, kwa sababu alikuwa akisikiliza kwa hofu badala ya kusikiliza kwa mazoea.

Shangazi akafika Ijumaa, kama ilivyokuwa desturi yake, na trei ya mayai. Aliolewa na mkulima wa mahindi huko Rongai, na kwa muda mrefu alikuwa akimwambia nyanya, "Mama, umechoka. Njoo ukae kwangu uangalie kuku." Naye nyanya hujibu, "Kuku wana macho yao, wajiangalie." Siku hiyo alikuta jiko limelowa maziwa, akasimuliwa habari za kayamba, akaweka mayai chini.

"Tuiweke hiyo santuri," akasema. "Tujue ni hiyo sahani ama ni masikio."

Ikawekwa. Ubeti wa pili ukaisha, gitaa likanyamaza. Shangazi mwenyewe hakuukumbuka wimbo vizuri, madereva wakatazama vikombe vyao. Basi akanigeukia mimi.

"Na wewe msichana, masikio yako ni mapya. Unaisikia kayamba?"

Nilikuwa wa kwanza darasani muhula huo. Sikuwa nimezoea kuulizwa kitu nisikijue. "Naisikia, shangazi," nikasema. "Vizuri kabisa."

Shangazi akashusha pumzi. "Umesikia, mama? Mtoto anaisikia." Halafu akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Lori letu likileta mahindi Jumamosi ya wiki ijayo, litarudi na kitanda chako."

Nyanya hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniangalia tu, bila hasira, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa na mtoto kwamba ameshaipita.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesikia kitu. Na kuna jambo baya zaidi nililoligundua usiku huo nikiwa kitandani kando yake: sikuwa nimewahi kuisikia kayamba hiyo hata siku moja. Kayamba niliyoijua mimi ilikuwa kopo la majani ya chai.

Mlango wa tatu kutoka kwetu palikuwa na karakana ya mzee mmoja Mhindi wa kilemba, aliyetengeneza redio, feni, pasi, chochote chenye waya. Sote tulimwita Fundi. Yeye alimwita nyanya Mama Chai. Jumatatu nilimpelekea chai yake yenye tangawizi mara mbili ya wengine, lakini sikuondoka.

"Fundi, kayamba inaweza kutoka kwenye santuri ikaenda?"

Akavua miwani. "Sahani haiwezi sahau, toto. Sahani iko kama mke yangu, nakumbuka yote. Spika ndiyo nasahau."

Nikamwaga yote, uongo wangu na lori na kitanda, nikilia ndani ya sinia. Fundi akanywa chai yake hadi chini, akachukua bisibisi, akafunga duka mchana kweupe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo tena.

Spika za nyanya zilikaa kwenye rafu juu ya meko. Fundi alipanda kwenye benchi, akaweka sikio kwenye ile spika ndogo ya juu, kwani kila sanduku lilikuwa na kubwa ya sauti nzito na ndogo ya sauti nyembamba, wimbo ukiwa unalia, akatikisa kilemba. Akaziteremsha. Alipofungua mgongo wa sanduku la kwanza, ikatoka harufu ya mandazi ya miaka kumi, na mende wawili wanene kama wenye nyumba. Ndani palikuwa na kibao kidogo kilichojaa masizi, na juu yake kikopo cha ukubwa wa betri ndogo ya tochi, kimepasuka mdomoni, kimekauka. Sanduku la pili lilikuwa vivyo hivyo.

"Hii ndiyo kapasita," akaniambia. "Wewe najua chujio? Chai napita, majani nabaki. Hii pia. Sauti nyembamba napita kwenda spika ndogo, sauti nzito nabaki nje. Ndani ilikuwa na maji kidogo kidogo. Sasa kavu. Hakuna kitu napita." Kisha akamgeukia nyanya. "Mama Chai, nani naweka spika juu ya moto?"

"Mimi," nyanya akasema, kidevu juu. "Watu wangeweka soda juu yake pale chini. Pale juu ndipo palipokuwa pakavu."

"Kavu sana! Mama, wewe umekaanga spika pamoja na mandazi!"

Ndipo nikamwona nyanya akicheka kwa mara ya kwanza tangu achomwe na mafuta. Lakini Fundi hakucheka kwa muda mrefu. Kapasita za aina ile hazikuwepo Nakuru. Kuziagiza Nairobi kungechukua wiki mbili, na sisi tulikuwa na siku tano.

Alikaa akijikuna chini ya kilemba. Kisha akanituma nimletee boksi la feni mbovu kutoka nyuma ya karakana yake, feni za dari alizong'oa kwenye maduka ya vitambaa. Kila feni ilikuwa na kapasita yake, bapa, kubwa kuliko kiberiti, na hazikuwa na maji ndani ya kukauka. Ila namba ya uwezo wake, iliyoandikwa ubavuni, ilikuwa mbili na nusu, na spika zetu zilitaka nane.

"Wewe wa kwanza darasa," akaniambia. "Mbili na nusu, mara ngapi nafika nane?"

Nilikokotoa kwenye karatasi ya kufungia mandazi. "Tatu ni saba na nusu. Nne ni kumi. Nane haipatikani, Fundi."

"Saba na nusu iko sawa. Nusu moja sikio haiwezi jua."

Tatu kwa kila sanduku, zikalehemiwa bega kwa bega. Nilishika waya wa risasi huku yeye akiuyeyusha, na ule moshi wake mtamu mchungu naujua hadi leo. Kwa kuwa zilikuwa kubwa hazikuenea kwenye kibao, tukazifunga kwa kamba ya katani kwenye ukuta wa ndani. Alituzuia tusijaribu. Zikae zishikane kwanza, akasema, lakini nadhani alitaka Jumamosi yake.

Na Jumamosi watu walijaa. Lori la shangazi lilisimama nje likiwa tupu, dereva wake ameshaingia kunywa chai pamoja na shangazi mwenyewe. Spika zilikuwa zimehamia karibu na mlango. Fundi aliketi mbele kabisa, amevaa koti. Nyanya, mkono ungali kitambaani, aliweka santuri, akasimama katikati ya hoteli macho yamefumbwa. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Gitaa likanyamaza.

Halafu ikaingia. Ilikuwa kama mtu anapepeta maharagwe makavu kwenye ungo, karibu kabisa na sikio, punje moja moja, na kila punje ilikuwa na mahali pake. Niliruka nikashika sketi ya nyanya.

"Nyanya! Hiyo ni nini?"

Shangazi akageuka taratibu.

"Si wewe ulisema unaisikia? Vizuri kabisa?"

Hoteli nzima ikapasuka. Dereva wa viazi alipaliwa na chai, akapigwa mgongoni. Fundi alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nami nilitamani kuingia ndani ya sanduku nikae na mende. Nyanya alicheka hadi akashika meza, kisha akachukua kopo la majani kwa mkono wa kushoto, akalitikisa wimbo wote uliobaki, vibaya, nje ya mapigo, na hakuna aliyejali.

Baadaye, watu wakitawanyika, alinivuta kando. Nilingoja kofi. Akanipa kikombe cha chai kilichojaa, chai ya wateja, ya maziwa mengi. "Kama hujasikia, sema hujasikia," akaniambia. "Chai utapewa tu."

Shangazi alirudi Rongai na ndoo ya mandazi kwenye lori badala ya kitanda. Nyanya akauza chai miaka tisa zaidi. Alipofariki tulimzika kule kule kwa shangazi, karibu na banda la kuku, na nilipokuwa nikitupa udongo nilijua angekuwa na la kusema juu ya hilo. Fundi aliwafuata watoto wake ng'ambo. Karakana yake sasa inauza viatu vya mitumba. Hakuna anayepiga wimbo saa nne, hakuna anayemiminiwa chai kwa mlio wa viatu.

Nilipofika Rongai hatimaye, nilimkuta shangazi ameketi barazani, redio ikinguruma taarifa ya habari kwa sauti ya kumfanya jirani wa ng'ambo ya shamba asihitaji kununua ya kwake. Masanduku yalikuwa stoo, pamoja na gramafoni na ile santuri, katikati ya magunia ya mahindi. Mwanzoni mwa mwaka huu, wakati wa yale machafuko yaliyotupata baada ya uchaguzi, familia nne za lugha tatu zililala katika stoo ile, na masanduku ya nyanya yakawa viti. Mtoto fulani amechora jua kwa mkaa ubavuni mwa moja. Sijalifuta.

Nilichomeka waya. Gitaa lililia, lakini zile spika ndogo za juu zilikuwa bubu zote mbili. Nikafungua. Sanduku la kushoto waya ulikuwa umechomoka tu, na kapasita tatu za Fundi zilikuwa pale pale, nzima, kamba yake ya katani ikiwa imegeuka nyeusi. La kulia panya walikuwa wamefanya mambo yao. Nikarudi mjini kwenye duka la vifaa vya stima. Kijana wa pale akanitolea kapasita za siku hizi, za plastiki, ndogo kama kifundo cha kidole.

"Unataka ngapi, mathe?"

"Nane."

"Kapasita nane?"

"Hapana. Moja ya nane."

Akaniangalia upya. "Aisee. Mathe unajua hizi vitu." Hiyo mathe ya pili niliipokea.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza kulehemu. Chai ilikuwa tayari. Shangazi alisogeza kiti chake hadi goti likagusa spika, akaikunja mikono mapajani kama mtoto anayengoja kuitwa jina. Nikaweka santuri. Ubeti wa kwanza haujafika nusu, akainua kidole.

"Hiyo! Kayamba hiyo," akasema. "Naisikia vizuri kabisa."

Ilikuwa bado. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na niliujua ule uso, kwa sababu niliwahi kuuvaa mbele yake. Ubeti wa pili ukaisha. Gitaa likanyamaza, na kayamba ikaingia kutoka masanduku yote mawili, ya Fundi na yangu, maharagwe makavu kwenye ungo, punje kwa punje. Shangazi alikuwa bado ananitazama usoni, akitafuta humo kujua kama imefika.

Nikashusha kopo la majani ya chai kutoka rafuni, nikamwekea mkononi, nikaufunika mkono wake kwa wangu, tukatikisa pamoja hadi mwisho. Kisha nikammiminia chai, kikombe kilichojaa, bila kumuuliza neno.